Kinamasi Maskini na Kalamu Nyekundu

Walimu wenzetu watakaofungua ukurasa huu wakitazamia kusoma habari za ngeli, au za viambishi, au za vina na mizani, hatuna budi kuwaomba radhi tangu mwanzo. Leo tumenuia kuzungumzia kinamasi. Tena si kinamasi cha mafumbo, bali kinamasi chenyewe, cha maji na majani, kiitwacho Rugezi, kaskazini mwa Rwanda, mahali tulipozaliwa. Kilichotusukuma kuandika ni kosa tulilolitenda darasani. Na kosa la mwalimu, kama tujuavyo sote, halikai peke yake, bali huzaa makosa mengine katika madaftari ya watoto.

Miaka michache iliyopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili wa sekondari insha yenye kichwa "Utajiri wa Wilaya Yetu". Wengi waliandika kama tulivyotazamia: viazi, ngano, ng'ombe, na yale maziwa mawili mazuri, Bulera na Ruhondo. Binti mmoja, mkimya sana darasani, aliandika habari za kinamasi. Upatanisho wake wa kisarufi ulikuwa safi, na mwandiko wake wa kupendeza. Lakini katikati ya insha tulikuta sentensi hii: "Kinamasi chetu ni maskini, na kwa ajili ya umaskini wake kina akiba kubwa." Tuliipigia mstari kwa kalamu nyekundu, tukaandika pembeni: "Sentensi inajipinga. Maskini hana akiba." Tukamkata alama mbili, tukaendelea na daftari jingine.

Kesho yake alikuja mlangoni pa chumba cha walimu, akasimama kwa adabu huku ameshika daftari lake.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba kuuliza. Sarufi yangu ina kosa?"

"Marahaba. Sarufi haina kosa. Kosa liko katika maana."

"Basi, Mwalimu, maana yake iko kule kinamasini. Babu yangu anaweza kukuonyesha."

Tulicheka kidogo, tukamwambia kwamba sisi tumezaliwa kule kule, na kwamba tulikijua kinamasi kile kabla yeye hajazaliwa. Binti aliinamisha kichwa, akashukuru, akaenda zake. Lakini maneno yake hayakwenda naye. Yalibaki mezani petu pamoja na madaftari.

Tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yetu. Kiswahili kina maneno kadha wa kadha ya kutajia mahali palipojaa maji na majani. Tuna bwawa, neno ambalo siku hizi aghalabu humaanisha maji yaliyozuiwa kwa ukuta. Tuna dimbwi, nalo ni dogo, la njiani baada ya mvua. Tuna kinamasi, neno ambalo kwanza humkumbusha msikilizaji utelezi na ute. Na hivi karibuni tumepata ardhioevu, neno jema la wataalamu, ila bado halijazoea vinywa vya watu. Tukiyatazama matumizi ya maneno haya katika insha za wanafunzi wetu, na hata katika mifano tunayoitunga wenyewe ubaoni, tutaona kwamba kinamasi hutajwa karibu kila mara pamoja na mbu, harufu mbaya, na gari lililokwama. Sisi wenyewe tumewahi kuandika ubaoni: "Kinamasi ni ardhi isiyofaa kitu mpaka ikaushwe." Tuliandika hivyo kufundisha hali ya kutendwa. Hatukujua kwamba tulikuwa tunafundisha na jambo jingine.

Wazee wetu wa Kinyarwanda hawakuwa na dharau hiyo. Katika msitu wa Nyungwe, kusini-magharibi mwa nchi, kuna kinamasi kikubwa kiitwacho Kamiranzovu. Msomaji wa Kiswahili akilichambua jina hilo hatapata shida sana: kumira ni kumeza, na inzovu ni ndugu wa ndovu wetu. Basi Kamiranzovu ni kimeza-ndovu. Mtu aliyepaita hivyo hakuwa akitazama ardhi isiyofaa kitu. Alikuwa akitazama jambo kubwa lenye nguvu kumpita mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu. Ndovu wa Nyungwe wametoweka tangu mwaka 1999. Jina limebaki, na kinamasi kimebaki.

Sasa turudi Rugezi. Kinamasi hiki kimelala kati ya vilima vya wilaya za Burera na Gicumbi, katika kimo cha zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukubwa wake unakaribia hekta 6,700. Maji yake hutoka polepole na kuingia katika ziwa Bulera. Kutoka Bulera huporomoka hadi ziwa Ruhondo, ambalo liko chini zaidi kwa takriban mita 100, na katika mporomoko huo ndipo ulipo mtambo wa umeme wa Ntaruka. Kutoka Ruhondo maji hufuata mto Mukungwa, ambao nao una mtambo wake, yakaingia Nyabarongo, kisha Akagera, na hatimaye ziwa Viktoria. Kwa hiyo mtu anayechota maji Mwanza au Kisumu, hata kama hajapata kulisikia jina la Rugezi, ana sehemu yake ndogo katika habari hii.

Utotoni mwetu kinamasi kilikuwa mahali pa shangazi. Yeye na wanawake wenzake waliingia pembezoni mwake na kukata urukangaga, aina ya ndago yenye majani mapana, wakaianika na kusuka mikeka. Wakati wa kiangazi watu walipanda viazi vitamu ukingoni na kulisha ng'ombe. Mvua ziliporudi waliondoka. Katikati hapakuwa na mtu. Tuliambiwa kwamba ardhi ya katikati hutikisika, nasi tulipojaribu siku moja kwa utundu tuliona kweli: ukiruka, majani yaliyo hatua kumi mbele yako nayo huruka. Tulikuwa hatukanyagi ardhi, bali tandiko la mizizi na majani lililolala juu ya maji.

Baada ya vita na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, watu wengi walihitaji mahali pa kulima, na vilima vilikuwa vimekwisha kugawanywa vipande vidogo vidogo. Baba yetu na majirani zake waliteremka kinamasini na majembe, wakachimba mifereji. Hatumlaumu. Alikuwa na watoto saba. Alipopata kipande chake alichukua bomba kuukuu la chuma, akalipigilia ardhini kuwa alama ya mpaka, hata likafika udongo mgumu wa chini, na juu likabaki limetokeza shubiri moja tu.

Mwaka wa kwanza viazi vilikuwa vikubwa kama ngumi ya mtu mzima. Mwaka wa pili havikupungua. Kijijini watu walisema kwamba wazee walikuwa wamelalia hazina bila ya kuijua. Mwaka wa tatu vilikuwa vidogo, na mwaka wa tano shamba lilitoa chini ya kile kilichopandwa. Udongo uliokuwa mweusi na laini ulikuwa sasa kama unga mkavu, maji ya mvua yakipita juu yake bila ya kuingia ndani. Na jambo moja lilimshangaza baba kuliko yote: bomba lake la mpaka lilikuwa likirefuka. Lilianza shubiri moja, likafika goti, likapita goti. Alitugombeza sisi watoto akidhani tunaling'oa usiku. Hatukuligusa. Si bomba lililokuwa likipanda. Ardhi ndiyo iliyokuwa ikishuka.

Mwaka 2004 sisi tulikuwa Kigali tukisomea stashahada ya ualimu. Wanaoukumbuka mwaka ule watakumbuka giza lake. Umeme ulikatwa kwa zamu, siku baada ya siku, na serikali ikalazimika kutumia mitambo ya dizeli kwa gharama kubwa. Tulijifunza ngeli za Kiswahili kwa mwanga wa mshumaa, tukilalamika usiku kucha juu ya wale waliotunyima taa. Maji ya ziwa Bulera yalikuwa yameshuka mno, na mtambo wa Ntaruka haukuweza kufanya kazi yake ipasavyo. Wataalamu hutaja sababu zaidi ya moja: mvua chache za miaka ile, matumizi ya maji kupita kiasi mtamboni, na kukaushwa kwa Rugezi. Hiyo sababu ya tatu tulikuja kuielewa baadaye sana. Tulikuwa tukililaani giza ambalo sehemu yake ilichimbwa kwa jembe la nyumbani kwetu, nalo ndilo lililotulipia karo.

Haya yote tuliyajua kabla ya kumkata binti yule alama mbili. Tuliyajua kama mtu ajuavyo maneno ya lugha ngeni asiyojua kuyaunganisha katika sentensi. Basi likizo ilipofika tulikwenda kumtembelea babu yake.

Mzee alitupokea kwa heshima, akatupa fimbo ndefu, akatuongoza kwa kijia cha ukingoni. Hakuwa mtu wa shule, bali wa macho. "Mwalimu," alisema, "hapa maji yanatembea. Tazama mafunjo." Kweli, kando ya kijito mafunjo yalisimama marefu, yenye vichwa vya nywele za kijani. "Sasa twende pale ambapo maji yamelala." Huko mafunjo yalikwisha. Palitanda nyasi ngumu zenye rangi inayoelekea zambarau, zikisimama kwa vishungi, ambazo wataalamu wa mimea huziita Miscanthus violaceus. "Mafunjo ni tajiri," mzee akasema, "yanakaa mahali mto unapoyaletea chakula. Hizi ni nyasi za maskini. Zinakula mvua."

Tuliporudi shuleni tulimwomba mwalimu mwenzetu wa biolojia atueleze kwa lugha ya kitaalamu yale ambayo mzee aliyasema kwa maneno machache. Maelezo yake, kwa ufupi, ni haya. Mmea unapokufa mahali pa kawaida, vijidudu humla, na madini yaliyomo humrudia udongo. Lakini vijidudu hivyo vinahitaji hewa. Katika maji yaliyotulia oksijeni ni chache mno, kwa hiyo kuoza huanza lakini hakuishi. Majani yaliyooza nusu hulundikana mwaka hadi mwaka, yakitoa tindikali inayoyafanya maji yawe makali, na ukali huo huzidi kuvizuia vijidudu. Naitrojeni na fosforasi, ambazo mimea huzihitaji kama sisi tunavyohitaji chumvi na sukari, hubaki zimefungwa ndani ya lundo. Na lundo linapoinuka juu ya njia za vijito, mimea iliyo juu yake hubaki ikitegemea mvua zaidi na zaidi, na mvua haina madini ya kutosha.

Hapo ndipo inapotokea jamii ya mimea isiyofanana na nyingine. Si kila mmea unaweza kuishi kwa tindikali na njaa. Wale wanaoweza wana desturi za watu waliozoea dhiki. Wengine huondoa chakula katika jani kabla halijakauka, wakakihifadhi mizizini kwa ajili ya jani lijalo. Wengine wana mashina yenye mianya kama mirija, ili wapeleke hewa chini kwenye mizizi iliyozama. Katika vinamasi vingi vya namna hii, tangu Ulaya hadi milima ya Rwenzori, hustawi mmea mdogo wa jamii ya kuvumwani uitwao sfagnamu. Hauna mizizi. Hufyonza maji na kuyashika kama sifongo, mara nyingi zaidi ya uzito wake mkavu, na kila unaponyakua madini machache yaliyomo majini huacha tindikali badala yake. Kwa maneno mengine, huifanya nyumba yake kuwa chungu ili wageni wasitamani kukaa.

Jirani zetu wa Uganda wana mfano mzuri wa jambo hili karibu na mji wa Masaka. Ziwa Nabugabo lilikuwa sehemu ya ziwa Viktoria hadi ukuta wa mchanga ulipolitenga, yapata miaka 4,000 iliyopita. Limezungukwa na vinamasi vyenye nyasi zile zile za maskini tulizoonyeshwa Rugezi, pamoja na sfagnamu. Maji yake yana chokaa kidogo sana, hata konokono hawawezi kujenga magamba yao humo. Na katika vinamasi vyake huota mmea uitwao Drosera madagascariensis, ambao majani yake yana vinywele vyenye matone ya kunata. Mdudu akitua hunaswa, jani likamkunjia na kumyeyusha polepole. Watu wengi wakiusikia mmea huu huuita katili. Lakini si katili. Umenyimwa naitrojeni ardhini, ukaitafuta hewani.

Tulipofika hapo katika maelezo, tulianza kuiona sentensi ya binti yule kwa macho mengine. Kinamasi ni maskini. Kwa kuwa ni maskini na kichungu, hakuna kinachokwisha kuoza. Kwa kuwa hakuna kinachokwisha kuoza, kila kitu kinabaki. Umaskini na akiba havikuwa maneno mawili yanayopingana. Cha kwanza ndicho kilichomzaa cha pili.

Akiba yenyewe, yaani lile tabaka jeusi la mimea isiyokwisha kuoza, kwa Kinyarwanda huitwa nyiramugengeri. Kwa Kiswahili tumesikia wengine wakiliita mboji. Kwa maoni yetu neno hilo halifai, nasi tungependa wenzetu walifikirie. Mboji tuijuayo ni ile ya jaani na ya zizini: imeoza ikaisha, ikawa chakula cha shamba. Nyiramugengeri ni kinyume chake. Ni kitu kilichokataa kuoza. Mkulima atakayeambiwa kwamba chini ya kinamasi kuna mboji atachukua jembe mara moja, kama baba yetu alivyofanya, na mwaka wa kwanza ataona neno limesema kweli, kwa sababu mfereji umeingiza hewa na vijidudu vimeanza kula akiba ya karne nyingi. Mwaka wa tano ataona neno limemdanganya. Kiswahili kimekwisha kukopa maneno kwa Waarabu, Wareno na Waingereza. Hatuoni aibu yo yote kikikopa moja kwa Wanyarwanda.

Akiba hii hukusanywa kidogo kidogo kiasi cha kutia huruma. Kwa kadiri hukisiwa kwamba tabaka huongezeka milimita moja tu kwa mwaka, mara nyingi chini ya hapo. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini hiki ni kibaba kinachojazwa kwa vizazi. Huko Burundi, katika kinamasi cha Kashiru, watafiti walitoboa tabaka hilo na kuhesabu chavua za maua zilizohifadhiwa humo, na mwaka 1988 wakatoa taarifa ya hali ya mimea na tabia ya nchi kwa kipindi cha miaka 40,000. Watu wetu hawakuandika vitabu zamani hizo, wala hapakuwa na watu wa kutosha wa kuviandika. Lakini kila mwaka upepo ulidondosha chavua, na kinamasi kikaitunza kwa taratibu, ya mwaka huu juu ya ile ya mwaka jana. Na katika bonde la mto Kongo, mwaka 2017, wataalamu walitangaza ramani ya kinamasi cha namna hii chenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 145,500, chenye kaboni inayokadiriwa kuwa tani bilioni 30. Katika dunia nzima ardhi za namna hii ni takriban asilimia 3 tu ya nchi kavu, na hata hivyo zimehifadhi kaboni nyingi kuliko ile iliyomo katika miti ya misitu yote. Zikikaushwa au kuchomwa, kaboni hiyo hurudi hewani na kuzidisha joto la dunia.

Hatusemi haya kwa kusahau shida za watu. Nyiramugengeri ikikaushwa huwaka, na nchi zisizo na mafuta huitazama kwa matumaini. Burundi iliunda ofisi ya kuichimba, ONATOUR, mwaka 1977. Kwetu Rwanda kulijengwa kituo cha Gishoma, wilayani Rusizi, ili kuichoma na kupata umeme. Mtu anayepika kwa kuni za kilima kilichokwisha kuwa kipara ana haki ya kuuliza kwa nini asitumie kilicho bondeni. Tunalotaka lieleweke ni hili tu: Rugezi nayo inatoa umeme, na inautoa kwa kuachwa kama ilivyo, ikilishika maji ya masika na kuliachilia ziwa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Mwenye kuchoma hupata taa mara moja.

Baada ya giza lile, watu waliamriwa kutoka kinamasini, mifereji ikazibwa, na mwaka 2005 Rugezi ikaingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, chini ya mkataba uliotiwa sahihi katika mji wa Ramsar, nchini Iran, mwaka 1971. Maji yalirudi. Ziwa likapanda. Majani yalifunika matuta, na korongo wenye taji za dhahabu wakarudi kujenga viota. Haya husimuliwa katika mikutano, na husimuliwa kwa haki. Lisilosimuliwa sana ni kwamba baba yetu alirudi kilimani bila ya shamba, naye akiwa mtu mzima, na kwamba mdogo wetu mmoja aliacha shule mwaka ule. Hatukupata kipande kingine badala ya kile. Baba aliliona jambo hilo kama dhuluma, na kwa muda mrefu hakutaka Rugezi itajwe nyumbani.

Siku ya ziara yetu na babu wa binti, tuliomba tupelekwe mahali palipokuwa shamba letu. Tulilitambua kwa bomba. Lilikuwa limeshika kutu, limesimama katikati ya nyasi za maskini, na maji yakilizunguka. Tulilipima kwa fimbo ya mzee. Tangu shubiri ile moja ya siku ya kwanza, ardhi ilikuwa imeshuka takriban nusu mita, na miaka yote ya kurudishiwa maji haikuwa imeirudisha. Kwa milimita moja kila mwaka, nusu mita ni miaka 500. Familia moja ilikuwa imeitumia katika misimu isiyofika kumi.

Tulimsimulia baba jioni. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kwa hiyo bomba halikuwa likipanda?"

"La, Baba. Halikupanda."

"Nami niliwapiga bure," akasema.

Hakusema zaidi, nasi hatukumwongezea neno. Lakini tangu siku ile hutaja Rugezi, na mara nyingine humwuliza mjukuu wake aliyeko shuleni kama kina cha maji kimepanda.

Shule zilipofunguliwa tuliliomba lile daftari. Tulifuta maandishi yetu kwa mstari mmoja, ili yabaki yakisomeka, tukamrudishia binti alama zake mbili, na chini yake tukaandika: "Sentensi ni sahihi. Mwalimu hakujua." Kisha tukalisoma darasani, kwa ruhusa yake. Wanafunzi walicheka kwanza, kama ilivyo desturi yao, halafu wakanyamaza. Mmoja akauliza kama ni kweli mwalimu anaweza kusahihishwa na kinamasi.

Wenzetu, tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi katika Rwanda, nasi tunaoifundisha tumepewa amana kubwa. Watoto wanatuletea katika lugha hii vitu ambavyo pwani ilikozaliwa haikuwa navyo: vilima vya baridi, nyasi za maskini, udongo usiooza. Wakati mwingine watavitaja kwa sentensi ambazo zitaonekana kwetu kuwa zimepinda. Kabla ya kuchukua kalamu nyekundu, tuulize kwanza kama sentensi ndiyo iliyopinda, au ni sisi ambao hatujafika mahali inapozungumzia. Ule mfano wetu wa ubaoni tumekwisha kuubadili. Siku hizi, tunapofundisha hali ya kutendwa, huandika hivi: "Kinamasi kilikaushwa, na taa zikazimwa."